Kompyuta ya Sebuleni: Neema au Mke Mwenza?

Inapiga muziki, inaonyesha sinema, inatunza picha za harusi na inamfundisha mtoto kusoma. Lakini pia inakula umeme, inakula nafasi, na wakati mwingine inakula hata mume! Kabla hamjatoa pesa yenu, someni kwanza yaliyotukuta sisi.

Mwezi uliopita mdogo wangu, ambaye hajamaliza hata mwaka kwenye ndoa, alinipigia simu saa nne usiku. Moyo ukanilipuka, nikadhani kuna msiba. Kumbe ni kompyuta!

"Dada, mwenzangu anataka tununue kompyuta ya mezani, ile kubwa yenye kioo kipana na spika, ikae sebuleni. Mimi nataka friji. Tumebishana tangu jioni, sasa kaenda kulala bila kula. Wewe umeishi na hicho kitu, niambie ukweli."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Ugomvi huo naujua vizuri, maana nilishaupigana mwenyewe mwaka 2007, hapa hapa Dar es Salaam, kwenye chumba na sebule tulichokuwa tumepanga Sinza. Sikumpa jibu usiku ule. Nilimwambia anipe siku mbili tatu nifikirie. Nilichofikiria ndicho hiki unachokisoma, mpenzi msomaji, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeumiza kichwa.

ILIVYOINGIA KWETU

Tulioana mwaka 2005. Mwaka uliofuata ulikuwa wa mgawo wa umeme. Maji yalipungua kwenye mabwawa kama Mtera, na wengi wetu tukazoea kula chakula cha usiku kwa mshumaa. Umeme ulipotulia, mume wangu akaja na wazo lake.

"Mke wangu," akaniambia, "badala ya kununua redio, deki na tivii, kila kimoja na bei yake, tununue kitu kimoja kinachofanya vyote."

Kusema kweli hoja ilikuwa nzuri. Enzi hizo hata watengenezaji wenyewe walikuwa wanaihubiri. Microsoft walikuwa wameshatoa tangu mwaka 2002 toleo la Windows XP lililoitwa Media Center, la kuendeshwa kwa rimoti ukiwa umejinyoosha kwenye kochi: bonyeza hapa muziki, bonyeza pale sinema, bonyeza tena picha za familia. Ndoto ilikuwa kwamba kompyuta itoke ofisini, iwe moyo wa sebule.

Tatizo ni kwamba pesa ya kuinunulia hiyo ndoto ilikuwa ile ile tuliyokuwa tunadunduliza kwa ajili ya kiwanja.

Nilikataa wiki mbili. Ya tatu nikalegea. Mwenzangu akaenda Kariakoo, akarudi na teksi imejaa maboksi: CPU, kioo bapa cha inchi 17, kibodi, mausi, UPS, kadi ya kunasia matangazo ya tivii, na sabufa na spika zake tano. Jumla milioni moja na laki moja na ushee! RAM ilikuwa 512MB, diski 80GB. Leo simu ya mwanafunzi inaizidi mbali, lakini siku ile majirani walikuja kuitazama kama wanavyokuja kumtazama bibi harusi.

MAZURI YAKE NISIYAKANE

Kwanza, sebule iliamka. Wimbo wa dakika nne, kwa ubora wa MP3 uliokuwa umezoeleka, huchukua takriban 4MB. Maana yake kwenye 1GB unaweka nyimbo kama 250. CD za mume wangu za bongo fleva na zilipendwa zikaingia zote. Na taarab zangu, ambazo wimbo mmoja unaweza kwenda robo saa, nazo zikaingia na nafasi ikabaki. Hakuna tena kutafuta CD chini ya kochi.

Pili, tulikaa pamoja. Hili vijana wa leo mnaweza msilielewe haraka. Kioo kilikuwa kimoja na kila mtu anakiona. Jumamosi usiku wifi yangu anakuja na sinema, mimi natoa karanga, jirani analeta kiti chake mwenyewe. Leo familia ya watu wanne inakaa sebule moja na kila mmoja ameinamia simu yake. Tuko pamoja, lakini kila mtu yuko kwake!

Tatu, iliniingizia pesa. Nilianza kuwatengenezea watu kadi za michango ya harusi, na baadaye kadi za kitchen party na ratiba za sherehe. Printa nikaikopa kwa rafiki, mwisho nikanunua yangu. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimerudisha karibu nusu ya bei ya mashine. Mume wangu hakuacha kunikumbusha jambo hilo, na mimi sikuacha kumkumbusha kiwanja.

Nne, inatengenezeka. Kompyuta ya mezani ni kama baiskeli: kikifa kipande, unabadilisha kipande. Mwaka 2008 tuliiongezea RAM, mwaka uliofuata kikaungua kile kiboksi cha ndani kinachopokea umeme, fundi akafungua skrubu nne, akaweka kingine, tukaendelea. Kwenye laptopu nyingi mambo si mepesi hivyo. Vipande vyake vingi vimebanwa pamoja, na vya aina moja haviingii kwenye nyingine.

Tano, mtoto. Wa kwanza wetu alizaliwa mwaka 2008, na herufi zake nyingi alizijulia pale pale, tukimwona. Kompyuta iliyo sebuleni haina siri. Hilo silo unaloweza kusema kuhusu simu iliyo chini ya shuka.

NA MABAYA YAKE JE?

Tuanze na umeme, maana LUKU haidanganyi. Kompyuta ya mezani na kioo chake, kwa matumizi ya kawaida, hula wati 100 mpaka 200 hivi, na yenye kadi kubwa ya michezo hupita hapo. Laptopu hula kama 30 mpaka 60. Tufanye hesabu: wati 150 kwa saa nne kila siku ni uniti 0.6, yaani uniti 18 kwa mwezi. Laptopu ya wati 45 kwa saa hizo hizo ni uniti 5 na kidogo. Tofauti hiyo kwa mwaka mzima ni zaidi ya uniti 150. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba, si ndogo.

Halafu umeme ukikatika, laptopu inaendelea na betri yake. Ya mezani inazima hapo hapo, na kazi yako inakwenda na maji kama hukuihifadhi. UPS yetu ilitupa dakika kumi za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. UPS haikusudiwi kukufikisha mwisho wa sinema, hilo mjue mapema.

Kuna nafasi na vumbi. Meza, waya kama utumbo wa kuku, na feni inayovuta vumbi lote la mtaa na kulilaza juu ya vyombo vya ndani. Kwa joto la Dar, vumbi hilo ni kama kuivika mashine koti la baridi. Tulijifunza kuifungua na kuipuliza kila miezi mitatu.

Kuna virusi. Kila aliyekuja na flashi ya "nyimbo mpya" alikuja na lake. Mara mbili ilibidi tufute kila kitu tuanze upya.

Na kuna kupitwa na wakati. Ile kadi ya tivii, ambayo mume wangu aliisifia kuliko vyote, ilifanya kazi vizuri mpaka Desemba 31, 2012, siku mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam. Kuanzia hapo kila nyumba ikahitaji king'amuzi, na kadi yetu ikawa pambo.

Lakini baya kubwa halikuwa kwenye waya. Lilikuwa kwenye kiti. Mimi nalala saa nne, mwenzangu anakuja kitandani saa nane. Mara anapanga nyimbo, mara anacheza mpira wa kwenye kompyuta, mara "dakika tano tu, mama". Nikaanza kulala nikiwa nimegeukia ukutani. Usiku mmoja niliamka, nikasimama nyuma ya kiti chake, nikamwambia: "Huyu mke mwenza wako angalau angekuwa anapika!"

Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. Tuliongea mpaka karibu alfajiri. Tukakubaliana: saa nne na nusu UPS inazimwa, awe amefunga goli au hajafunga. Si kila usiku sheria ilifuatwa, lakini ilikuwepo, na ilikuwa yetu wote wawili.

SIKU ILIYONYAMAZA

Sasa nifike pale ambapo mpaka leo panauma.

Video ya harusi yetu ilikuwa kwenye mkanda wa VHS. Ukikaa pwani unajua: unyevunyevu wa huku huotesha ukungu kwenye kanda. Mwaka 2008 tuliona picha zimeanza kuchafuka, mume wangu akaunganisha deki ya kuazima kwenye ile kadi ya tivii, akahamishia harusi yote ndani ya kompyuta. Mkanda wenyewe ukazidi kuharibika, tukautupa. Ya nini kuuweka, si tunayo kwenye mashine?

Ndani ya video hiyo mama yangu anasimama kutoa nasaha. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile aliongea karibu dakika sita, ananiambia jinsi ya kukaa na mtu. Alifariki mwaka 2009.

Mwaka 2010, jioni moja, umeme ulikatika na kurudi mara tatu kwa nguvu. Betri ya UPS ilikuwa imeshachoka, tulikuwa tunaahirisha kuibadilisha kila mwisho wa mwezi. Kompyuta ilipowashwa tena ikatoa mlio wa kugonga, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Fundi aliweka sikio, akatingisha kichwa. Diski imekufa. Picha za mtoto anatambaa, kadi zangu zote, harusi, mama. Kwa fundi wa pili jibu likawa lile lile.

Sikupiga kelele. Ingekuwa afadhali ningepiga. Kwa mara ya kwanza kwenye ndoa yetu tulikaa siku tatu bila kusemeshana. Nilikuwa namlaumu kwa kila kitu: kiwanja, betri, mkanda. Yeye alikuwa anajilaumu zaidi yangu, ila mimi sikutaka kuliona hilo.

Siku ya nne alirudi kazini mapema, akaketi karibu yangu, akasema, "Nimempigia dada Mwanza." Nikakumbuka. Wifi yangu hakuweza kuja kwenye harusi kwa sababu alikuwa mjamzito, na mume wangu alimrekodia DVD moja akamtumia kama zawadi. DVD ilikuja na basi, imefungwa kwenye kanga. Ilikuwa imechubuka, watoto walishaichezea.

Tuliiweka. Harusi ikaanza, tukaona shangazi zangu wanacheza. Mama akasimama, akashika kipaza sauti, akaanza. Aliongea kama dakika nne. Halafu picha ikaganda mdomo wake ukiwa wazi, katikati ya sentensi. Tuliisafisha, tukaijaribu kwenye mashine nyingine tatu, haikusonga mbele. Zile dakika mbili za mwisho hatunazo, na hatutazipata.

Usiku ule ule mume wangu alitengeneza nakala tatu za hizo dakika nne. Moja tukaiweka ndani, moja kwa kaka yangu Morogoro, moja kabatini kazini kwake. Leo ziko pia kwenye diski ya nje na kwenye hifadhi ya intaneti. Wataalamu wana kanuni nyepesi ya kukumbuka: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Sisi tuliijua baada ya kulipa ada.

NA SIKU HIZI?

Tukubali ukweli, ile ndoto ya 2002 imekwisha. Tangu mkongo wa SEACOM ufike Tanzania mwaka 2009, intaneti imekwenda ikiimarika. Simu ikachukua muziki, tivii za kisasa zikachukua sinema. Microsoft wenyewe waliiondoa Media Center walipotoa Windows 10 mwaka 2015. Kama mnataka kusikiliza nyimbo na kuangalia tamthilia tu, msinunue kompyuta ya mezani. Tivii nzuri na sabufa vinatosha, na umeme utapumua.

Lakini haijafa. Kwa pesa ile ile, mpya kwa mpya, kompyuta ya mezani kwa kawaida ina nguvu kuliko laptopu, kwa sababu hulipii betri wala wembamba. Mmoja wenu akiwa anahariri video, anatengeneza muziki, anachora ramani za nyumba, anafanyia kazi za ofisi nyumbani au anacheza michezo mikubwa, kioo kipana na kiti kizuri vitamwokolea macho na shingo. Siku hizi pia kuna kompyuta ndogo za mezani zenye ukubwa wa kitabu, zinazounganishwa na tivii kwa waya wa HDMI na kula umeme kama laptopu, wakati mwingine chini yake. Kwa sebule ya kupanga, mimi ningeanzia hapo.

KABLA HAMJALIPA

* Semeni kazi yake kwa sentensi moja. Mkishindwa, pesa ibaki benki kwanza.

* Mkinunua mtumba, ulizeni umri wa prosesa. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya 2017 au 2018. Mashine ya bei poa inaweza kuwa bei poa kwa sababu hiyo. Msipotaka Windows, Linux ni ya bure.

* Dai diski ya SSD, angalau kwa ajili ya kuwashia. Haina sahani inayozunguka kama diski za zamani, ni ya haraka zaidi, na haiogopi kutikiswa. Nayo hufa, kwa hiyo nakala ziko pale pale.

* RAM iwe 8GB kwa matumizi ya kawaida, 16GB kwa mhariri wa video.

* Bei ya UPS na diski ya nje iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Hayo si mapambo. Na betri ya UPS ibadilishwe ikichoka!

* Kila mtu awe na akaunti yake kwenye mashine. Hii si kufichana. Ni kama kila mmoja kuwa na droo yake kwenye kabati moja.

* Pangeni saa ya kuzima, na muipange wote wawili.

NILICHOMWAMBIA MDOGO WANGU

Baada ya siku mbili nilimpigia. Sikumpa jibu la ndiyo wala hapana, nilimuuliza swali moja: "Shemeji anaitakia nini hasa?" Akasema sinema. Nikamwambia, "Kamuulize tena, lakini si kwa sauti ya juzi."

Alinipigia kesho yake, sauti imepoa. Kumbe shemeji kuna rafiki yake anayepiga video za harusi na amemwomba awe anamharirirsha kila wikiendi kwa malipo. Alikuwa hajasema kwa sababu aliwahi kujaribu biashara nyingine kabla ya ndoa ikamfia mikononi, akaona aibu kutaja nyingine. Kwa hiyo akasema sinema. Na mdogo wangu naye alikuwa hajasema kwamba friji anaitaka auze barafu na juisi, maana mshahara wake umechelewa miezi miwili. Wote wawili walikuwa wanatafuta riziki, ila kila mmoja alikuwa anaitafuta kimya kimya!

Wamepanga hivi: friji ya mtumba mwezi huu, kompyuta baada ya miezi minne, na kwa sasa shemeji atahariri kwenye mashine ya rafiki yake aone kama kazi ipo kweli. Mimi nimeahidi UPS.

Sisi kiwanja tulikipata mwaka 2014, Kibada, kwa bei iliyokuwa imepanda kuliko ile ya 2007. Siwezi kusema sijutii. Lakini kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, tunakaa mbele ya kioo na watoto na kumwangalia bibi yao kwa dakika nne, mpaka pale anapoganda. Mume wangu huwa ananishika mkono kabla hatujafika hapo.

Haya, mpenzi msomaji, kaeni chini wawili, na karatasi na kalamu. Kazi kwenu!